Asi Aliyekula Hita ya Gari la Wagonjwa

Risala ya wakaaji wa kijiji cha Mwangaza, makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, iliyosomwa siku ya kurudishwa kwa gari la wagonjwa

Mgeni rasmi, Mama Mkurugenzi wa shirika lililotupa gari. Viongozi mliofuatana naye kutoka Mbarara. Wachungaji na wazee wetu. Akina mama wenye watoto mgongoni. Na ninyi vijana mliopanda juu ya ukuta wa kanisa ijapokuwa mmekatazwa: amani iwe kwenu.

UKARIBISHO

Mama, tumefurahi kukuona. Barabara uliyopita leo unaijua sasa kwa mgongo wako, hatuna haja ya kukueleza.

Tunakuomba usogeze kiti karibu kidogo. Leo hatuna spika. Tulikuwa nayo, ilikuwa inafungwa juu ya paa la gari hilihili, na sauti yake ilifika hata ng'ambo ya bonde. Tumeitoa, na sababu utaisikia. Anayesoma ana sauti ndogo, kwa hiyo tunaomba wanaomenya viazi jikoni wapumzike kwanza.

Utaona pia kuwa gari halikupambwa maua, na kwamba kile kiti kilicho karibu na mlango wa dereva hakina mtu. Hatukusahau kukijaza. Kwaya yetu imejiandaa kuimba, lakini imeomba iimbe mwishoni, ikiwa kutakuwa na sababu.

HISTORIA YA GARI NA DEREVA WAKE

Kabla ya gari hili, mgonjwa wa Mwangaza alifikishwa Base Camp, kwenye kituo cha afya cha makazi, kwa pikipiki, amebanwa katikati ya mwendeshaji na ndugu wa kumshika asianguke. Hata mwenye uchungu wa kuzaa alikwenda hivyo. Wengine tulifika nao wakiwa hai, wengine tulifika nao tu.

Ndipo shirika lako likatuletea pikapu ya dizeli, iliyokuwa imefanya kazi miaka mingi katika nchi ya baridi. Ilikuwa na kitu ambacho wengi wetu hatukuwahi kukiona: hita ya kupasha joto ndani. Mzee Ezira, mwenyekiti wa kamati yetu, aliweka mkono mbele ya tundu la hewa, akautoa haraka.

"Moto ndani ya gari?" akauliza. "Kwani jua la hapa limetukosea nini?"

Tulicheka siku hiyo. Lakini mvua zilipoanza, tuliacha kucheka. Njia ya Mbarara asubuhi ya mvua ina baridi inayoingia mfupani, na mtoto aliyezaliwa jana hana mfupa wa kuihimili. Dereva alikuwa akiwasha hita kabla mama hajapanda, ili akute kiti kimeshapata joto. Wanawake wakalipa gari jina lake: Mama Joto.

Dereva huyo ni Bonaventure Cyiza. Ametoka Kivu ya Kusini, Kongo, kama wengi wetu, alikochunga ng'ombe wa baba yake, baadaye akajifunza kuendesha malori ya mchanga Uvira. Si mtu wa maneno mengi. Alikuwa na kitambaa chake cha kufuta kiti kabla ya kila mgonjwa, na hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kukigusa, hata mkewe Fébronie, anayeuza ndagala, dagaa wakavu, sokoni. Kwenye kila shimo la barabara aliuliza, "Mama, uko muzima?" Mpaka wagonjwa wakamtania: "Papa Bonaventure, wewe unaniuliza mara mingi kupita munganga!" Naye akajibu, "Munganga hana mashimo."

MAFANIKIO

Kwa gari hili watoto wengi wamezaliwa salama. Mmoja alizaliwa humohumo njiani, akaitwa Joto. Yuko pale mbele, Mama, yule anayekula udongo.

Tungependa kuandika zaidi katika sehemu hii.

CHANGAMOTO

Hita, kama tulivyokuja kufundishwa, ni rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Maji ya moto ya injini yanapita ndani yake, feni inapuliza, na hewa inatoka na joto. Ikitoboka, maji hayo yanamwagika ndani ya gari, kwenye miguu ya anayekaa pembeni ya dereva. Na katika gari letu, anayekaa hapo ni mgonjwa asiyeweza kulala chini.

Mara ya kwanza ilijitangaza kwa harufu. Ilikuwa harufu tamu, kama ya sukari inayoungua. Abiria wakamcheka Bonaventure: "Papa, unaficha mikate mu gari? Tugawie basi!" Yeye hakucheka. Aliinama, akapapasa zulia, akanusa vidole vyake. Kioo cha mbele kilikuwa na ukungu wenye mafuta usiofutika kwa kitambaa. Siku hiyohiyo alilipeleka gari Mbarara, Kakoba, kwa fundi Kabanda, ambaye ndiye shirika lako lilituelekeza kwake. Kabanda akatoa ile rejeta ndogo, akaitikisa.

"Hii ni uzee tu, ssebo," akasema. "Hata wewe siku moja utavuja."

Akaweka nyingine. Tukadhani yameisha.

Kabla mvua za msimu ule hazijakatika, zulia likalowa tena. Kabanda safari hii alikasirika. "Nyinyi naweka maji gani? Ya kisima? Maji yenu iko na chumvi, nakula chuma!" Ilikuwa kweli, tulikuwa tunajaza maji ya kisima. Tukaona haya, tukaanza kuweka yale maji ya kijani ya dukani. Akabadilisha hita mara ya pili.

Bonaventure hakuridhika. Jioni ile, Fébronie anasema, alikaa mlangoni na sahani ya ugali mapajani bila kula.

"Rejeta kubwa ya mbele imekunywa maji ileile," akamwambia mkewe. "Mbona yenyewe iko muzima? Kama ni chumvi, mbona inachagua?"

"Labda inapenda vitu vidogo," akasema Fébronie. "Kula, ugali unapoa."

Hakula. Asubuhi alikwenda kwa Mzee Ezira kuomba aiulize ofisi yako jambo moja: aruhusiwe kuunganisha ile mipira miwili inayopeleka na kurudisha maji ya hita, maji yapite pembeni, hita ikae bila kazi mpaka ugonjwa wake ujulikane. Fundi Kabanda alikubaliana naye. Jibu la ofisi lilikuwa kwamba gari ni mali ya wafadhili, lazima libaki kama lilivyotolewa, na kifaa chochote kisiondolewe wala kuzungukwa. Mama, hapa hatulalamiki. Tunasimulia tu mambo kwa mpangilio wake. Bonaventure ni mtu wa kutii. Akaendelea kuendesha, na kila asubuhi akawa anapiga magoti kunusa zulia.

Mara ya tatu ndiyo iliyotuleta hapa.

Orpa, mke wa mwalimu wa shule ya Jumapili, alishikwa na uchungu siku ya mvua kubwa. Alishindwa kulala kwa sababu pumzi ilimkata, akaketishwa mbele. Walipita Base Camp kuelekea hospitali ya Mbarara, wakaenda mbele kidogo. Pumzi za watu zikafunga kioo, barabara haikuonekana, na Bonaventure akawasha hita ili kioo kifunguke. Kwanza ikaja ile harufu tamu. Hakuwahi hata kuizima. Dashibodi ilipumua mvuke mara moja, na maji yanayochemka yakashuka yote.

"Miguu!" Orpa akalia. "Papa, miguu yangu!"

Bonaventure alisimamisha gari bila kuona anaposimama. Kisha akafanya kitu ambacho Orpa alikiona, lakini sisi hatukumuuliza. Aliweka mikono yake miwili chini ya yale maji, ikawa kama bakuli, ili yamwagikie yeye. Kwa mikono hiyohiyo akainyanyua miguu yake, akamtoa nje, akamfunika kwa koti lake kwenye mvua. Injini haikuwa tena na maji, isingeweza kwenda. Walikaa ukingoni mwa barabara wakingoja, naye akimuuliza, "Mama, uko muzima? Mama, uko muzima?" mpaka lori la matoke likapita na kuwachukua.

Mtoto alizaliwa Mbarara, hospitalini. Hakulia.

Alikuwa wa kiume. Tulimzika hapa, nyuma ya kanisa.

YALIYOSIKIKA KWENYE SIMU

Gari lilivutwa na lori mpaka Kakoba. Bonaventure hakwenda nalo, mikono yake ilikuwa imefungwa bandeji, alikuwa amelala nyumbani.

Tulikuwa matangani, uani kwa akina Orpa, simu ya Mzee Ezira ilipolia. Kwa kuwa mtandao hapo ni wa kukamata kama kuku, aliifungulia sauti, akainyanyua juu ya kichwa chake, tukasogea sote kusikiliza. Alikuwa fundi Kabanda.

"Mzee! Nimepata shida ya gari!"

"Sema, fundi. Tunakusikia."

"Ni asi! Asi mubaya iko ndani ya hii gari. Yeye ndiye nakula hita yote tatu!"

Ezira aliishusha simu kidogo, akaitazama, akainyanyua tena. "Unasema nani?"

"Asi! Nasema asi! Iko hatari, naweza kuua mutu. Sasa dereva iko wapi? Mimi nataka dereva!"

Kisha mtandao ukakatika.

Mama, wewe ni Mganda, pengine umeshaelewa fundi alisema nini. Sisi hatukuelewa hivyo. Sisi tumetoka mahali ambapo neno hilo, asi, mwasi, waasi, linatangulia moshi. Tunalisikia, tunashika watoto na kukimbia. Hakuna nyumba hapa Mwangaza isiyo na mtu aliyepotea nyuma ya neno hilo. Na ilikuwa inajulikana, ijapokuwa hakuna aliyeisema kwa sauti, kwamba Bonaventure alipokuwa kijana watu wenye silaha walimkamata msituni wakambebesha mizigo yao kabla hajatoroka. Alikuwa mtumwa wao. Lakini hofu haiulizi mtu alikuwa nani, inauliza tu alikuwa wapi.

Mmoja wetu akasema, "Gari moja, hita tatu, na dereva ni mmoja."

Mwingine akasema, "Na mikono yake? Mbona imeungua kama yenyewe ilikuwa mule ndani inafungua kitu?"

Tukaenda. Mvua ilikuwa imeanuka. Fébronie alikuwa anambadilishia mumewe bandeji, akatoka mlangoni akiwa bado ameshika ile bandeji.

"Munatafuta nani?"

"Tunatafuta asi."

"Hapa hakuna asi. Hapa kuna mugonjwa."

Tulimpita. Yaliyofuata hatutayasoma yote, kwa sababu watoto wapo. Itoshe kusema kwamba hakujikinga, maana alishindwa kuinua mikono. Aliuliza jambo moja tu: "Mama Orpa yuko muzima?" Nasi tukaona hayo ni matusi.

Wazee wawili walisimama katikati na kumwokoa na wale waliokuwa na mapanga. Polisi wakamchukua. Sisi tukatoa ushahidi, wengi wetu, na ushahidi wetu ulifanana neno kwa neno, kwa sababu sote tulisikia simu moja. Ofisi yako, ikiwa ndiyo mwenye gari, ikaandikisha mashitaka kwamba aliharibu gari kwa makusudi na kumuumiza abiria. Mpaka leo tunaposoma, yuko mahabusu Mbarara. Mikono haijapona vizuri. Fébronie humpelekea chakula, na kumlisha, kama mtoto, kupitia nafasi ya nondo.

YALIYOONEKANA KAKOBA

Gari lilipokuwa tayari, Mzee Ezira alikwenda Kakoba kulichukua, akifuatana na Appolinaire, fundi wa vyombo vya kwaya yetu. Appolinaire ndiye aliyefunga ile spika juu ya paa, siku chache baada ya gari kuja, ili litumike pia kutangaza ibada, siku za chanjo, na misiba. Siku aliyoifunga tulipiga makofi.

Kabanda aliwapokea kwa furaha. Juu ya meza yake alikuwa amepanga zile hita tatu zilizokufa, bega kwa bega.

"Angalia, wazee," akasema. "Mimi nilisema uzee, nilikosa. Nikasema chumvi, nikakosa nusu. Hizi, tundu iko fasi moja, hapahapa. Uzee haina akili ya kutoboa fasi moja mara tatu."

Akawaeleza alivyofanya. Alichukua kipimo cha umeme, kile chenye nyaya mbili, akachovya waya mmoja ndani ya maji ya rejeta, mwingine akaugusisha kwenye betri. Kila kitu kikiwa kimezimwa, mshale ulilala. Akawasha taa, ukalala. Akawasha feni, wipa, akapiga honi, ukalala tu. Kisha akawasha spika, akasema ndani ya kinasa sauti, "Hallo, hallo." Mshale ukaruka.

"Maji haitakiwi kuwa na umeme," Kabanda akasema. "Nikafuata waya ya spika. Napata iko fungwa kwa bomba ya hita, nyuma ya dashibodi. Hapo! Umeme nakosa njia ya kurudi betri, napita ndani ya maji, na ikipita nakula bomba kidogo, kidogo, kama mchwa. Na chumvi ile ilibaki ndani ndiyo nasaidia umeme kupita. Kila siku munaongea kwa spika, hita nakufa kidogo." Akainua waya mweusi aliokuwa ameukata, akauning'iniza mbele yao. "Sasa asi ndiyo hii. Nimekata yeye."

Mzee Ezira akasema, "Asi ni nini?"

"Asi! Waya ya kwenda bodi. Kila gari iko na asi. Nyinyi naita nini?"

Appolinaire ndiye aliyejibu, kwa sauti ambayo Ezira anasema hajawahi kuisikia kwake. "Sisi tunaita masi."

Ndivyo tunavyoita, Mama. Tulilipata kwa Kifaransa, masse, kama ninyi mlivyolipata lenu kwa Kiingereza, earth. Kwenu asi, kwetu masi. Ni waya uleule mweusi, wa kurudisha umeme nyumbani. Fundi angetamka herufi moja zaidi, au mtandao ungevumilia kidogo, Mzee Ezira angemwita Appolinaire hapohapo uani, nasi tungerudi kunywa uji wa matanga.

Kabanda alianza kucheka. Kisha akaona hakuna anayecheka.

"Kwani dereva iko wapi?" akauliza. "Mimi nilisema nataka dereva. Yule mutu iko na akili ya gari, yeye aliniuliza mbona chumvi nachagua. Nilitaka kumwambia, ssebo, ulisema kweli."

Mzee Ezira aliketi juu ya tairi. Appolinaire alikuwa ameshachukua ule waya mkononi, anaugeuzageuza. Kazi ya mkono wake mwenyewe alikuwa anaitambua kwa jinsi alivyofunga fundo. Siku ile ya kufunga spika alitafuta boliti ya masi, akaikuta imeliwa na kutu na kufunikwa na rangi, na pembeni yake akaona bomba linang'aa. Spika ikaimba vizuri. Hakuna aliyemwambia kwamba bomba linalong'aa lina maji ndani.

Kila jambo tulilolitangaza kwa spika ile lilikula hita. Tulitangaza harusi, ikaliwa. Tulitangaza chanjo, ikaliwa. Tulitangaza misiba, tena misiba ndiyo tuliyoitangaza zaidi, kwa kuzunguka kijiji chote polepole.

OMBI

Mgeni rasmi, risala za namna hii huwa na maombi mengi. Nasi tuliyaandika: barabara, bati za zahanati, dizeli, tangi la maji yasiyo na chumvi. Kisha usiku wa kikao tukayafuta yote, likabaki moja, tusije tukakupa nafasi ya kuchagua lile lililo rahisi.

Mzee Ezira na Appolinaire walipita polisi siku ileile, wakiwa na waya na hita zile tatu ndani ya gunia. Walisikilizwa kwa upole. Wakaambiwa kwamba mashahidi wanaweza kubadili maneno yao, na tumeyabadili, kila mmoja, kwa kidole na kwa kalamu. Lakini mashitaka ni ya mwenye gari, na mwenye gari ndiye wa kuyaondoa. Tuliandikia ofisi yako. Tulijibiwa kwamba jambo hili litaangaliwa baada ya gari kukabidhiwa. Gari linakabidhiwa leo.

Tunakuomba umwondolee Bonaventure Cyiza mashitaka.

Hatuombi umtoe yeye umtie mwingine. Appolinaire amekwisha kwenda mara mbili kuomba akae mahali pake, akarudishwa. Yuko hapa, amekaa nyuma kabisa. Hakufunga waya ule kwa ubaya, na sisi ndio tuliompigia makofi. Fundi Kabanda amekubali kuja kusema mbele ya yeyote. Tulimwalika leo, ndiye yule mwenye kofia nyekundu. Amelia njia nzima, ingawa hakutaka mtu ajue.

Labda utasema, na aliyeumia je? Ni haki yake kuulizwa. Orpa yuko mbele yako, mwenye kitenge cha bluu, miguu juu ya kigoda. Tulimuuliza, kwa kuchelewa sana. Alitujibu hivi, na tunasoma alivyosema: "Mulikuja matanga yangu mukasikiliza simu. Mimi nilikuwa pale, mu chumba, na hakuna hata mumoja aliingia kuniuliza. Yule mutu alipokea maji yangu kwa mikono yake. Mumurudishe. Nataka kumuona anaendesha, ndiyo nitapanda tena gari."

Na anayekusomea risala hii, Eliane, ni mdogo wake Orpa, aliyembeba yule mtoto kutoka hospitalini mpaka hapa. Hakumaliza shule ya msingi na hapendi kusimama mbele za watu. Wenye sauti kubwa tunao wengi. Tulimchagua yeye kwa sababu mtu wa nyumba iliyofiwa akiomba, hakuna atakayesema ameomba kwa sababu hakuumia.

Desturi ni kumpa mgeni zawadi. Tulikuwa na mbuzi. Badala yake tunakupa kilichofungwa ndani ya kitambaa hiki. Ni hita ya tatu. Kitambaa ni cha Bonaventure, kile cha kufutia kiti. Fébronie amekitoa mwenyewe. Ukikifungua, utaliona tundu. Ni dogo, mtu anaweza kuliziba kwa ncha ya kidole. Tafadhali iweke juu ya meza ofisini kwako, mahali ambapo watu wanapigia simu.

Funguo za gari tumeziweka juu ya kile kiti. Hatujapata dereva mpya. Walijitokeza, tukawashukuru.

Tunamwomba Mungu aliyetuvusha mpaka akuvushe na wewe salama leo jioni, akulindie nyumba yako na watoto wako, na kila mtu atakayeketi pembeni yako njiani. Awafariji waliofiwa, aiponye miguu, aiponye mikono.

Sasa tunanyamaza, Mama, ili useme wewe. Tunakuomba useme polepole, na useme mara mbili. Spika haipo, na simu zote tumezizima.

Ni sisi,
wakaaji wa kijiji cha Mwangaza, Nakivale,
tunaosikiliza.